Mazuku Ndani ya Kontena

Lori lilifika Mabanga, mjini Goma, kabla ya saa moja asubuhi. Lilirudi kinyumenyume hadi mbele ya depo, na dereva hajazima injini, wabebaji sita walikuwa wameshajipanga nyuma yake. Juu ya lori lilikaa kontena jeupe, la aina ile yenye mtambo wa baridi upande wa mbele. Mtambo ulikuwa kimya. Kijana mmoja alikata lakiri, akavuta vyuma vya mlango wa kulia, akainua mguu aingie. Mzee aliyekuwa ameketi juu ya jiwe jeusi la volkeno alimshika shati kwa nyuma.

“Toka hapo. Acha kwanza ipumue.”

“Muzee, mwenye mali anatungojea.”

“Angojee. Mazuku iko ndani.”

Wenzake walicheka kidogo, kisha wakarudi nyuma hatua mbili tatu. Mtu wa Goma akisikia mazuku hahitaji maelezo. Msomaji wa Mombasa au Morogoro anayahitaji, kwa hiyo nitaanzia hapo, maana mzee huyu, bila kipimo wala cheti, alikuwa ametaja jambo ambalo wataalamu wa bandari huliandikia vitabu vizima.

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Upande wa magharibi wa Goma, kandokando ya Ziwa Kivu kuelekea Sake, kuna mabonde madogo na mashimo ambamo kaboni dioksidi ya volkeno hupenya kwenye nyufa na kutuama. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo hukaa chini kama maji kwenye beseni. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mpita njia. Usiku upepo ukitulia hujaa, na alfajiri ndipo mbuzi, mbwa na ndege hukutwa wamelala wasiamke. Mtu mzima huweza kupita salama kwa sababu kichwa chake kiko juu, lakini mtoto anayetembea kando yake akaanguka. Anayeinama kumwokota naye huanguka. Ndiyo maana wazazi wa huku huwakataza watoto kuteremka kwenye shimo kumfuata mbuzi, hata kama wanamwona.

Mabanga yenyewe iko mbali kidogo na mabonde hayo, katika wilaya ya Karisimbi, juu ya mawe. Jina lake kwa Kilingala maana yake ni mawe, na anayetembea hapa kwa viatu vyepesi huelewa haraka. Lakini hofu ya gesi wakazi wake wanaijua kwa njia nyingine. Mlima wa volkeno wa Nyiragongo ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Katika siku zilizofuata, watu kadhaa waliojaribu kukatiza juu ya lava iliyokuwa bado inafuka walikufa kwa kukosa hewa. Tarehe 27 Mei, Gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitangaza mitaa kumi ihamwe mara moja, na Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zote zilikuwamo. Wataalamu walihofia kwamba uji wa moto ulikuwa chini ya jiji na chini ya ziwa, na ziwa hilo limebeba kaboni dioksidi na methani nyingi mno katika vilindi vyake. Kwa lugha ya nyumbani, kilichohofiwa ni mazuku ya ukubwa wa ziwa zima. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo sana kuliko Kivu, lilitapika gesi yake mwezi Agosti 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo watu wa Mabanga walibeba magodoro na sufuria wakaelekea Sake, Rutshuru na Rwanda, wakikimbia kitu wasichoweza kukiona.

Sasa turudi kwenye kontena. Inakuwaje mazuku yakafika Mabanga kwa lori?

Njia ya kwanza ni matunda yenyewe. Watu wengi hudhani tunda likishachumwa limekufa. Hapana, linaendelea kuishi. Linapumua kama sisi: linavuta oksijeni, linatoa kaboni dioksidi, joto na unyevu. Parachichi, embe na ndizi hutoa pia ethilini, gesi inayoamuru tunda liive, na tunda moja likianza huwaambukiza jirani zake. Kontena la baridi limeundwa kwa kulijali jambo hilo. Mtambo wake husukuma hewa baridi chini, kwenye mifereji ya sakafu. Hewa hiyo hupanda katikati ya maboksi, hufika darini, kisha hurudi kwenye mtambo kupozwa upya. Karibu na mtambo kuna kidirisha cha duara kinachozungushwa kwa mkono, chenye alama za mita za ujazo kwa saa. Kidirisha hicho ndicho pua ya kontena. Ndizi husafiri kwenye nyuzijoto 13 hivi, chini ya hapo ganda lake huwa jeusi. Parachichi huvumilia 5 au 6, tofaa huenda karibu na sifuri. Kila moja lina kipimo chake cha baridi na kipimo chake cha kidirisha.

Kwa samaki waliogandishwa mambo hugeuka. Chinchard, yule ambaye Wakongo wengi humwita Thomson, husafiri kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri na kidirisha lazima kifungwe kabisa, kwa sababu amekufa na hana pumzi ya kutoa, na hewa ya nje ikiingia huleta unyevu unaoganda kwenye mabomba ya mtambo hadi baridi inakufa. Kidirisha kilekile kikiachwa wazi huharibu samaki, na kikifungwa huharibu embe. Mtu mmoja bandarini akikosea kukizungusha, hasara inaonekana wiki kadhaa baadaye, mamia ya kilomita mbali, kwa mama muuza samaki ambaye hajawahi kukiona kidirisha hicho.

Kuna pia shehena ambayo hunyimwa hewa makusudi. Tofaa zinazouzwa kwenye mabeseni mtaani Birere na kando ya barabara za Goma, nyingi kati yake zikiwa zimetoka Afrika Kusini, si lazima ziwe zimechumwa mwezi uliopita. Tofaa huweza kuhifadhiwa miezi mingi katika vyumba baridi ambamo oksijeni imeshushwa hadi sehemu moja au mbili kwa mia, wakati hewa tunayovuta ina karibu 21. Tunda linalala usingizi, halizeeki. Mtu akiingia humo bila mtungi wa hewa hupoteza fahamu kabla hajapata muda wa kugundua kosa lake. Yapo na makontena yanayosafiri namna hiyo, na huwekewa onyo mlangoni.

Na samaki wakiharibika? Tuseme dizeli ya jenereta ya lori imekwisha njiani, au lori limekwama mpakani siku nyingi mtambo umezimwa. Nyama inayooza ndani ya sanduku lisilopitisha hewa hula oksijeni yote na kutoa gesi zake zenye sumu. Mabaharia wamekufa hivyo kwenye matumbo ya meli za uvuvi, mmoja akishuka kumwokoa mwenzake na wa tatu akiwafuata. Mama wa mtaa wa Kyeshero hapa Goma akiisikia habari hiyo atasema ameshaijua. Ni ileile ya mtoto na mbuzi.

Njia ya pili ni sumu iliyotiwa kwa mkono wa binadamu, na hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi.

Shehena hufukizwa ili kuua wadudu. Mchele, maharage, kahawa na kakao hufukizwa mara nyingi kwa vidonge vya alumini fosfidi, vilevile vinavyouzwa katika masoko ya Afrika Mashariki kwa ajili ya mahindi ya ghalani. Kidonge cha gramu 3 kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gramu 1 ya fosfini na kubaki unga wa kijivu. Gesi ya pili ni methili bromidi. Hii ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko hewa, na kwa viwango vinavyotosha kumdhuru mtu haina harufu ya kutegemewa. Mkataba wa Montreal wa 1987, uliowekwa kulinda tabaka la ozoni, uliongezewa gesi hii mwaka 1992. Nchi tajiri ziliacha matumizi ya kawaida mwaka 2005, nchi zinazoendelea mwaka 2015. Mlango mmoja uliachwa wazi: karantini na shehena inayotayarishwa kuvuka mipaka. Kwa hiyo makontena bado hufukizwa nayo kihalali.

Mara nyingi kinachofukizwa si bidhaa bali mbao za paleti. Kanuni ya kimataifa inataka mbao hizo zipashwe joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30, au zifukizwe, kisha zigongwe muhuri wenye picha ya suke la ngano. Herufi HT humaanisha joto, MB humaanisha methili bromidi. Goma hatutupi mbao. Paleti huwa kitanda, huwa meza ya genge, huwa kuni. Ningependa kila fundi wa Mabanga azijue herufi hizo nne kama anavyozijua namba za misumari.

Kwa matunda mabichi ya baridi, kufukiza ni kazi ya taabu. Vidonge vya fosfini huhitaji joto na unyevu. Chini ya nyuzi 10 kazi yake huwa ya kobe, chini ya 5 havitumiki. Tena fosfini hula shaba, na mtambo wa kontena la baridi, pamoja na nyaya na vifaa vyake vya elektroniki, umejaa shaba. Methili bromidi nayo hufupisha maisha ya tunda. Zabibu za Chile zinazoingia Marekani zimekuwa zikifukizwa kwa gesi hiyo kwa miaka mingi, lakini lazima kwanza nyama ya tunda ipate joto la kutosha, na tunda baridi huitoa gesi polepole hata baada ya milango kufunguliwa. Ndiyo sababu wengi wamegeukia dawa isiyo na sumu: baridi yenyewe. Chungwa likishikiliwa karibu na nyuzi 1 kwa wiki mbili au zaidi, vipimajoto vikiwa vimechomekwa ndani ya nyama ya tunda na kuandika kila saa, buu wa nzi wa matunda hufa baharini meli ikiendelea na safari. Kenya inajua uzito wa nzi hao. Mwaka 2003 aligunduliwa huko nzi mgeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, akaenea barani kote. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu yake, na biashara ilirudi mwaka 2021 tu.

Basi kama baridi na sumu haviendani, kontena jeupe lenye mtambo kimya lilikuwa na nini?

Biashara ya makontena ina desturi moja ambayo wachache nje ya bandari huijua. Makontena ya baridi huhitajika panapotoka matunda, nyama, samaki na maua. Yakishapeleka parachichi Ulaya, lazima yarudi. Kuyarudisha matupu ni hasara, kwa hiyo huzimwa mtambo na kujazwa bidhaa kavu: vigae, vyombo, karatasi, maboksi ya kila namna. Bidhaa hizo huketi juu ya paleti, na paleti huweza kufukizwa. Kontena la kawaida la bati angalau lina vitundu vya hewa na mipira ya milango iliyochoka. Kontena la baridi limejengwa kama chupa ya chai: kuta za povu, mpira maradufu mlangoni, hata vitundu vya kutolea maji chini vina vizibo. Gesi ikiingia humo na kidirisha kikifungwa, haina pa kwenda. Tena milango iko upande mmoja tu. Unaweza kuifungua yote miwili, upepo ukapuliza, na bado kule ndani kabisa, karibu mita 12 kutoka mlangoni, hewa ikabaki ileile iliyopakiwa ng'ambo ya bahari.

Safari nayo haisaidii. Kutoka Mombasa kupitia Malaba, Kampala na Kigali hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,800, kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,500 juu. Karatasi za shehena hupita kwa wakala, kwa forodha ya nchi moja, ya pili, ya tatu. Humo ndani huwa imeandikwa namba UN 3359, namba ya kimataifa ya kontena lililofukizwa. Namba hiyo husomwa na watu walio ofisini. Anayekata lakiri hasomi karatasi hizo, hapewi hata kuziona. Na mara nyingine mzigo huhamishwa njiani kutoka kontena moja kwenda malori madogo. Alama inabaki mlangoni mwa kontena tupu, na magunia yanaendelea na safari yakiwa na unga wa kijivu kati yake bila neno lolote.

Tangu Januari 2025, vita vilipoingia jijini, Goma imekuwa na mambo mengi ya kulilia, na sitaki kujifanya kwamba hili ndilo kubwa. Umeme ulikatika, uwanja wa ndege ukafungwa, wenye mafriza wakahesabu hasara. Lakini mji uliojeruhiwa hula kinacholetwa kwa barabara, na kinacholetwa kwa barabara hupakuliwa na vijana wanaolipwa kwa mzigo, si kwa saa. Kumwambia mtu huyo angoje ni kumwambia apoteze fedha ya chakula cha mchana. Kungoja kunapaswa kulipwa na mwenye shehena, sawa na anavyolipa mafuta ya lori. Nalisema hili bila kuzungukazunguka.

Kuna jambo lazima nilieleze kwa heshima kwa mzee wangu wa Mabanga, maana ujuzi wa mazuku hapa una mpaka wake. Watu hupima mazuku kwa moto: taa ikififia, rudi. Kwa kaboni dioksidi na kwa upungufu wa oksijeni kipimo hicho kina maana fulani. Kwa sumu za kufukizia hakina maana yoyote, kwa sababu kiasi kidogo kisichoweza kuzima hata njiti ya kibiriti kinatosha kumlaza mtu hospitali, na fosfini ikiwa nyingi huwaka moto. Pua nayo haiaminiki. Fosfini ya vidonge mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini huenda usiisikie hadi imeshapita kiasi. Na mazuku humwangusha mtu palepale, huku sumu hizi zikiwa na subira. Mbebaji anaweza kushusha mzigo mpaka jioni akihisi maumivu ya kichwa tu, akarudi nyumbani, na usiku kifua kikaanza kujaa maji. Methili bromidi huweza kuchelewa saa nyingi, hata siku mbili, ndipo kizunguzungu na mitetemeko ije. Nani ataliunganisha hilo na kontena? Ataambiwa ni malaria. Na fosfini haina dawa ya kuiondoa mwilini, daktari humsaidia tu mgonjwa apumue. Kwa hiyo kila anayeugua baada ya kupakua na aseme mlangoni mwa zahanati, kabla ya maneno mengine yote: nilifungua kontena.

Badala ya taa na pua, kinachofaa ni kifaa cha kupima gesi. Hushikwa mkononi, na mpira mwembamba huingizwa kupitia upenyo wa mlango kabla mtu hajakanyaga ndani. Feni ya kusukuma hewa hadi mwisho wa kontena ni kitu ambacho fundi wa Goma anaweza kukiunda kwa siku moja. Depo moja ikinunua kipimo, depo kumi zinaweza kukikodi.

Jua lilikuwa limeshapita juu ya paa la depo. Milango yote miwili ilikuwa wazi, imefungwa kwa kamba isijirudie. Mzee alikuwa ameagiza vijana wakae upande upepo unakotoka, na walikaa, wengine wakila mandazi. Yule kijana wa lakiri aliniita nimsomee karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kushoto, nyeupe yenye herufi nyeusi na fuvu la kichwa, kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza na yeye alisoma Kifaransa. Nikamsomea kwa Kiswahili. Neno la kwanza ni hatari. Kontena hili limefukizwa. Hapa limeandikwa jina la gesi, methili bromidi. Hapa siku na saa iliyotiwa. Usiingie.

“Na hii mstari ya chini?”

“Hapo huandikwa siku lilipopitishwa hewa.”

Alisogeza uso karibu, akaufuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Mbona hakuna kitu?”

Mzee alisikia. Aliinuka, akalibeba jiwe lake kwa mikono miwili, akalipeleka mita chache zaidi kutoka mlangoni, akaketi tena.